Katembo Iko mu Examen

Mimi huuliza. Nilizaliwa hivyo, na wale walionikataza wamechoka wao, mimi bado. Mteja akinunua chumvi nataka kujua anakwenda kupika nini, na akinunua kitenge nataka kujua harusi ni ya nani. Kwa hiyo mdogo wangu Katembo alipoanza kusoma mambo ya kompyuta kwenye kona ya duka langu hapa Pinga, kati ya katoni za sabuni na magunia ya sukari, msifikiri ningeendelea kupima mchele kana kwamba hakuna kitu.

Tena alikuwa anasoma kwa sauti. Hivyo ndivyo alivyofundishwa katekisimu, na hivyo ndivyo alivyosoma kila kitu baada ya hapo: midomo inakwenda, kichwa kinatikisika, mguu unapiga sakafu. Siku ya kwanza nilisikia neno racine. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini racine naijua, ni mzizi.

"Mizizi ya nini iyo?" nikamuuliza.

"Ya Linux, dada. Njo système yenye iko inatembeza hii ordinateur. Vitu yote yenye iko ndani inapangwa sawa muti. Racine iko juu, matawi inashuka chini."

"Mizizi iko juu?"

"Iko juu."

"Basi ule muti ulianguka."

Alicheka mpaka akafunga kompyuta. Mimi sikucheka. Nilishinda na mti ule kichwani siku nzima, nikiutazama huku na huku, na mteja mmoja nikampa sukari mahali pa chumvi. Jioni nilimwendea tena. Nilitaka kujua mtu akiwa ndani ya mti wa namna hiyo anajuaje yuko tawi gani. Katembo akanionyesha kwamba kuna neno fupi la herufi tatu, ukiliandika mashine inakujibu uko wapi. Nililipenda neno lile. Ni watu wangapi katika wilaya hii ya Walikale waliokimbia vita na kuamkia ugenini, wangetamani kuandika herufi tatu wajibiwe?

Ila haikuwa michezo, na heri niseme wazi kilichokuwa mezani. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umeweka kompyuta katika vituo vya afya, kutoka Pinga mpaka vijiji vya ndani, nao ukamchukua Katembo kwa majaribio azitunze. Kazi aliiweza. Alikuwa anapanda pikipiki mpaka kule ambako pikipiki yenyewe hubebwa, anarudi na tope hadi masikioni, na kompyuta zinafanya kazi. Lakini wakubwa wa mradi walitaka cheti cha kimataifa cha Linux, na nafasi ya kufanya mtihani walimpa moja tu. Akifaulu, mkataba. Akianguka, wangeleta mtu kutoka Kisangani, na Katembo angerudi Omate kuchimba dhahabu.

Kurudi, ndiyo, kwa sababu alikwisha kuchimba huko. Alikwenda kumfuata kaka yetu mkubwa, Paluku. Halafu shimo likaporomoka na Paluku akiwa ndani. Mwenye shimo lile alikuwa Athanase. Kwetu huku mtu wa namna hiyo anaitwa PDG, na msifikirie tai na ofisi. PDG ni yule mwenye shimo na wachimbaji wake, na huvaa buti zilezile za wengine. Athanase ndiye aliyemleta Paluku hapa, amefungwa katika turubai nyuma ya pikipiki. Tangu siku ile nilikuwa namsalimia kwa shingo upande, na salamu ikishaisha naondoka.

Sasa Katembo alikuwa amempa Athanase neno lake: mtihani ukinishinda, nakuja, unihifadhie nafasi. Nilipojua nilimtukana mdogo wangu mbele ya wateja. Akanijibu kwa upole, "Dada, siwezi kuuzisha sabuni yako mupaka nizeeke." Alikuwa na haki, na ndiyo sababu nilizidi kukasirika.

Basi nikaamua kwamba mtihani ule ni wangu pia.

Tukafika kwenye kitu kinachoitwa processus. Kwa nilivyoelewa, kila kazi ambayo mashine inaifanya ni kiumbe kidogo kinachozaliwa, kinafanya kazi yake, kinakufa. Kina mzazi aliyekizaa. Kinaweza kuzaa. Na kikizaliwa tu kinapewa namba, kwa kufuatana, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Sawa sisi," nikasema.

"Sawa sisi namna gani?"

"Weye njo Katembo ju ya nini?"

Akanitazama, halafu akaanza kutabasamu taratibu. Kwetu Wanande mtoto hangojei wazazi wamtafutie jina. Wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Ukisikia jina umekwisha kujua wangapi walitangulia. Hata Kakule wetu, aliyekufa kabla ya kutembea, namba yake hakupewa aliyemfuata. Aliyemfuata aliitwa Katembo, maana aliyezaliwa amezaliwa. Mimi ni Kasika, wa kwanza kwa upande wa wasichana, na Wivine ni jina la ubatizo. Sikujua kwamba kuna mashine inayowaita watoto wake kama mama yangu.

Tangu hapo sikuachana naye. Kulikuwa na maswali ya kujipima ndani ya kompyuta, unachagua jibu, mashine inakuambia kweli au si kweli. Nilikuwa nasimama nyuma yake na kopo la kupimia mchele mkononi. Na kulikuwa na swali moja lililomshinda Katembo kila siku. Swali lilisema: processus ikifa na kuacha mtoto, mtoto yule yatima anakuwa wa nani? Katembo alichagua babu, yaani mzazi wa yule aliyekufa. Si kweli. Kesho yake swali likarudi, akachagua babu. Si kweli. Siku ya tatu akapiga meza.

"Lakini mutoto akifiwa anaenda wapi? Kwa babu yake! Ata mutoto wa darasa ya première anajua!"

"Yo mashine inasema anaenda kwa nani?"

"Kwa namba moja. Ile ya kwanza kabisa yenye ilizaliwa wakati mashine iliwaka. Njo inakamata mayatima yote. Njo kusema nini iyo?"

Kopo likanishinda uzito, nikaliweka chini. Nyie hamkuwapo papa yetu alipomfuata mama kaburini. Babu alitoka Lubero na fimbo yake akitaka kutugawa, wavulana kwake, wasichana kwa shangazi. Katembo alikuwa bado anabebwa mgongoni, mgongoni mwangu. Paluku alikuwa kijana asiye na ndevu, lakini alisimama mlangoni, akamwambia babu kwa adabu yote kwamba watoto hawagawiwi, watabaki kwake. Akatulea. Akaanza biashara ya kubeba mizigo, ikafa, akaenda Omate kwa ajili ya karo zetu.

"Mashine iko na haki," nikamwambia Katembo. "Weye ulienda kwa babu?"

Akatikisa kichwa.

"Ulienda kwa nani, Katembo?"

"Kwa Paluku," akasema.

Hakulikosea tena swali lile. Lakini mimi, kwa udadisi wangu usiojua kusimama, nikauliza lingine ambalo hata halikuwamo kwenye somo. "Na namba moja ikikufa?"

"Haikufake, dada. Ikikufa mashine yote inasimama. Kila kitu inazimika."

"Sisi tulisimama?"

Katembo aliinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Hapana," akasema. "Ju weye ulikuwako. Mashine haina Kasika."

Nilikwenda nyuma kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari, nikalia huko mpaka mteja aliponiita. Sioni haya kusema. Ni maneno mazuri kuliko yote niliyopata kuambiwa na ndugu yangu, na aliyasema kwa habari ya mashine.

Kisha masharti ya mtihani yakaja kwa intaneti, nusura tuzimie. Hakuna kwenda mjini. Mtihani unafanywa hapohapo ulipo, na msimamizi aliye nchi nyingine anakutazama kwa kamera. Uwe peke yako katika chumba kilichofungwa. Mtu yeyote asiingie. Sauti ya mtu isisikike. Na wewe mwenyewe usiseme neno, wala usitembeze midomo, maana msimamizi atadhani unamnong'oneza mtu. Ukivunja sharti moja, mtihani unafutwa.

Katembo na midomo yake! Nilimwambia asome kimya, akajaribu, akawa kama mtu aliyefungwa mikono akaambiwa ale. Neno lisipopita mdomoni haliingii kichwani. Nikatafuta dawa. Nikamjaza maji mdomoni, nikamwambia asome na asimeze. Swali la kwanza, maji yakamwagika kwenye shati. La pili, yakamwagika. Wateja wakazoea kumkuta kijana wa mradi amevimba mashavu, macho yamemtoka, shati limelowa, na dada yake amesimama na kikombe. Bibiche, jirani yangu aliyetoka Ntoto na ambaye huuza maharage mkabala na duka langu, aliuliza kama ni dawa ya meno. Nikamwambia ndiyo. Kumbe ningemweleza mambo yote siku ile ningepona.

Siku ya mtihani tulitumia chumba cha nyuma, chenye mlango unaotokea barabarani. Connexion ya intaneti tuliomba kwa jirani mwenye sahani ya setilaiti, betri ya sola ilikuwa imeshiba. Nilichungulia wakati Katembo anamwonyesha msimamizi kuta nne. Msimamizi, sauti ya mwanamume mpole wa Kifaransa, akaomba kalenda ya parokia itoke ukutani, kwa sababu ina nyuso za watakatifu na kamera inahesabu nyuso. Basi watakatifu wakatoka nje pamoja nami, mlango ukafungwa, nikakaa kwenye ngazi nikiwa nimewakumbatia.

Hapo ndipo nilipotambua shida yangu. Pinga hapa mtu hapiti nyumba ya mtu bila kusalimia, na mlango uliofungwa mchana mtu anausogelea aulize kuna nini. Bibiche alikuwa wa kwanza kuvuka barabara.

"Hodi kwa Mama Wivine!"

Niliruka, nikamfunika mdomo kwa mkono wangu. Macho yake yakawa makubwa.

"Polepole," nikanong'ona. "Katembo iko mu examen."

"Examen?" naye akanong'ona. "Nani anamupima?"

"Muzungu moja wa mbali. Anamuangaria na kamera."

"Na weye hauingie?"

"Muntu asiingie. Ata kumuongelesha, hapana. Akiguswa tu, yote inaharibika."

"Yesu Maria," akasema Bibiche, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akageuka na kuondoka haraka. Nikafikiri: leo nimepata jirani mwenye kuelewa.

Ninyi mmekwisha kuona. Mimi sikuona. Kwetu neno examen linakaa nyumba mbili, shuleni na hospitalini. Anayeandika mtihani yuko mu examen, na anayetolewa damu yuko mu examen. Na mtu mzima aliyemaliza shule miaka mingi, aliyekuwa anazunguka vituo vya afya vya msituni, ambaye majuzi alionekana mashavu yamevimba na maji yanamtoka mdomoni, sasa amefungiwa chumbani, haguswi, haongeleshwi, anatazamwa kwa mbali: huyo yuko mu examen ya shule? Ebola ilipopita kwetu Butembo na Beni, watu waliwaaga ndugu zao kupitia plastiki. Hakuna anayehitaji kuelezwa mara mbili maana ya mlango wa namna hiyo.

Muda si muda watu wakaanza kujikusanya ng'ambo ya barabara, wala hakuna aliyevuka. Mmoja akatoa beseni, akatia maji na dawa, akaliweka katikati ya njia. Walikuwa wananawa na kunitazama kwa huruma. Niliwapungia mkono, wakanipungia polepole, kama watu wanaomuaga abiria. Na wakanyamaza. Muuza redio akazima redio. Fundi wa pikipiki akaacha kugonga. Tangu nimehamia Pinga sijasikia utulivu wa namna ile, na Mungu anisamehe, nilipoanza kushuku sababu yake sikukimbia kwenda kuwaondoa wasiwasi. Nilijisemea tu: nyamazeni hivyohivyo.

Aliyenitoa katika dhambi hiyo ni Adelaïde, muuguzi wa kituo cha afya. Alikuja na glavu, buti, na kile kipima joto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na alikuwa anautazama mlango, si mimi. Nilisimama nikatandaza kalenda ya watakatifu mbele yake kama ngao.

"Mama Wivine, toka apo. Joto yake ni ngapi?"

Nikamvuta sikio, nikamnong'oneza. Linux. Msimamizi. Midomo. Maji mdomoni. Nilimwona anang'ata glavu asicheke, kisha cheko likamtoka usoni na hasira ikaingia.

"Mambo ya maladi hapana michezo," akanong'ona. "Mara ya mwisho bantu walikimbia batoto yao wenyewe ju ya uvumi. Naenda kuwaambia ukweli."

Akaenda. Nilimwona akiwaeleza kwa sauti ya chini, mikono ikionyesha kuandika, kompyuta, cheti. Wakamsikiliza kwa adabu, na hawakumwamini hata mmoja. Baadaye niliambiwa Bibiche alisema, "Siku zote banaanza na kuficha." Lisemwalo lipo, na likishasemwa na muuguzi kwamba halipo, ndiyo kabisa. Adelaïde akabaki upande wao, amekunja mikono, akiwalinda wasizidi kudanganyana.

Mimi nikarudi kwenye ngazi. Udadisi ulikuwa unaniwasha kama upupu. Nyuma ya ubao ule mwembamba ndugu yangu alikuwa anaulizwa maswali na mimi siyajui. Ameulizwa juu ya mti? Ameulizwa juu ya mayatima? Midomo inatembea? Niliweka sikio mlangoni, nikasikia kidole kikibofya, kikisita, kikibofya.

Ndipo pikipiki ikasikika kutoka upande wa msitu, inaunguruma kwa nguvu zake zote. Niliingia barabarani mikono juu. Dereva alizima injini mbali, akashuka, akaisukuma. Alikuwa Athanase.

Damu ilinichemka. Fisi huyu, nikafikiri, hakungoja hata matokeo yatoke. Amekuja na nafasi ya nyuma ya pikipiki wazi, ileile aliyomletea Paluku. Watu wa ng'ambo walimwita kwa ishara, wakamnong'oneza habari yao, wakamwonyesha beseni. Niliona uso wake unabadilika. Hakunawa. Alilipita beseni, akavuka barabara peke yake, akavua kofia.

"Iko anapumua?" akaniuliza kwa sauti ambayo haikufika hata kwenye ukingo wa ngazi.

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyatunza kwa muda mrefu na yamekomaa, lakini kila moja lilihitaji sauti. Akakaa kwenye ngazi, si mbali nami. Mikono yake ilikuwa na ule udongo mwekundu usiotoka kwenye kucha. Alikaa akiitazama mikono hiyo.

"Nilishabeba moja," akanong'ona. "Wa pili siwezi, Mama Wivine. Wa pili siwezi."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilishukuru kwamba ninakatazwa kusema, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba aliyebeba turubai lile aliishia kulibeba hapa mlangoni kwangu, akaenda zake mwepesi. Tukakaa, mimi, yeye na watakatifu wa kalenda, na barabara nzima ikitutazama.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Katembo alitoka jasho likimtiririka, macho mekundu kwa kukodolea kioo, na mdomo wake uliofungwa asubuhi nzima ukapasuka.

"Nimeipata! Dada, résultat imetoka, nimeipata!"

Ng'ambo ya barabara, ambako walikuwa wakingoja majibu ya hospitali, ikawa mbio. Beseni likapinduka, maharage ya Bibiche yakamwagika na Bibiche mwenyewe akayaruka, fundi akaacha pikipiki ya mteja, na Adelaïde akawa anapiga kelele peke yake, "Ni cheti! Ni cheti ya ordinateur!" na hakuna aliyebaki wa kumsikia. Katembo alisimama mikono hewani, hajui amefanya nini.

Mimi nilikuwa bado natafuta mahali pa kuwaweka watakatifu. Ni Athanase aliyeinuka. Alimwendea mtu ambaye kwa akili yake alikuwa na ugonjwa wa kuua, akamkumbatia, kifua kwa kifua, shavu lake kwenye shingo ile yenye jasho, akamshika kabisa.

"Ata kama ulipata," akasema, "hautakufa weye peke yako. Niko."

"Papa Athanase," sauti ya Katembo ikatoka imebanwa, "sina maladi. Ni examen ya kazi. Nilifaulu."

Athanase hakumwachia. Nilidhani hakusikia. Lakini nilimwona anafumba macho, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Ulifaulu?"

"Nilifaulu. Lakini nilikupatia neno yangu, na ulinichungia nafasi, njo maana..."

"Ile neno nakurudishia," akasema Athanase. "Kamata. Na nisikuonake tena Omate, unasikia? Ata kwa kutembea. Nikikuona kule nitakupiga."

Nikaenda nikamkumbatia mdogo wangu kutoka upande uliokuwa wazi, nikalia kwa sauti yangu yote, kwa kuwa sasa iliruhusiwa. Hatatelemka tena shimoni. Nilisema hivyo sikioni mwake mara nyingi, naye akawa anajibu ndiyo, dada, ndiyo. Hata uvumi wao sikuujali. Adelaïde angeumaliza kabla ya jioni, na Bibiche ningemlipia maharage yake.

Athanase alikuwa amejitoa pembeni. Alivaa kofia, akaishika pikipiki yake, akawa anaigeuza kuelekea msituni.

"Papa Athanase," nikamwita. "Ingia ndani. Naweka chai."

Akasimama. Akatazama mlango wangu, kisha akatazama buti zake, akanionyesha tope la Omate lililozikandika mpaka magotini.

"Ingia na iyo tope," nikamwambia.